Tanuru la Baba Amani

Kuna hadithi moja ya mume wangu ambayo nimeisimulia mpaka imechakaa. Nimeisimulia saluni, nimeisimulia kwenye kichen pati zisizopungua tatu, na mara moja nilipewa maiki ukweni nikaisimulia mbele ya ukoo mzima. Naiita "Siku Baba Amani alipotaka kutuua kwa ubahili." Watu hucheka mpaka basi. Yeye mwenyewe hucheka pia, kisha huinuka taratibu kwenda kuwaongezea wageni soda.

Mwezi huu, kwa kuwa mhariri ni mimi na hakuna wa kunikata, naisimulia yote. Kuna kipande ambacho huwa nakiruka.

Basi bwana. Kuanzia 2015 hadi 2021 tuliishi Minnesota, Marekani, kwenye kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya uhasibu, mimi nikamfuata na mtoto mgongoni. Baridi ya kule si ya kuvaa sweta ukasema yamekwisha. Ni baridi ya kugandisha kamasi puani. Nyumba ikikosa joto usiku mmoja tu wa Januari, maji yanaganda ndani ya mabomba na mabomba yanapasuka. Kwa hiyo joto kule si starehe, ni kama paa.

Mwaka 2017 tukanunua nyumba. Vyumba vitatu, kuukuu, dohani ya matofali imesimama ukutani kwa nje, na chini yake kuna kile chumba cha chini ya ardhi ambacho Wamarekani hawawezi kuishi bila ya kuwa nacho. Humo ndimo yalimokaa mambo mawili ya muhimu: tanuru la gesi la kupasha joto nyumba, na pembeni yake hita ya maji, nayo ya gesi.

Ukisikia tanuru usifikirie lile la kuchomea matofali. Ni sanduku la bati refu kama friji. Ndani yake gesi asilia inayokuja kwa bomba kutoka mtaani inawaka, moto unapasha joto vyumba vya chuma vilivyofungwa, na feni kubwa inapuliza hewa ya nyumba kuzunguka vyuma hivyo kwa nje. Hewa ile inapata joto na kupanda vyumbani kupitia njia za bati. Moshi wenyewe hauingii kwenye hewa hiyo hata kidogo, una njia yake ya kutokea nje. Njia mbili, hewa ya kupumua huku na moshi kule, zinapita bega kwa bega bila kukutana. Zikikutana, kuna msiba.

Novemba 2018 tanuru letu likafa. Lilikuwa limekula chumvi nyingi, na kampuni tuliyoiita ikaja na karatasi yenye bei: dola 5,200. Baba Amani akaisoma ile karatasi kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi. Mnajua wahasibu. Akaniambia, "Mama Amani, hii haiwezekani," na jioni hiyo hiyo akampigia simu kaka mmoja, Mkenya tuliyekuwa tunasali naye, aliyewahi kufanya kazi na mafundi wa joto na viyoyozi. Leseni hakuwa nayo. Ujuzi alikuwa nao, tena wa kutosha, na hilo naomba mlikumbuke, kwa sababu kwenye sherehe huwa namfanya aonekane kanjanja.

Walifanya kazi Jumamosi moja tangu alfajiri. Tanuru jipya lilikuwa la aina ya kisasa, linalotumia asilimia 95 ya gesi, maana yake joto karibu lote linabaki ndani na moshi unaotoka ni wa vuguvugu tu, si wa kuunguza. Ndiyo maana halihitaji dohani. Linatumia mabomba mawili ya plastiki ya PVC yanayotoboa ukuta wa pembeni: moja linavuta hewa safi kutoka nje kwa ajili ya moto, la pili linatoa moshi. Nilisimama ngazini na kikombe changu cha chai nikawa mwanafunzi. Kaka yule alieleza kila kitu. Bomba la moshi lazima liinamie kidogo kurudi kwenye tanuru, robo inchi kwa kila futi, kwa sababu moshi ukipoa unatoa maji, na maji hayo yana asidi, yasipotiririka kurudi kwenye mfereji wake yatatuama na kuziba njia. Mdomo wa nje ukae angalau inchi 12 juu ya pale theluji inapofika, siyo juu ya ardhi ya kiangazi. Uwe mbali na madirisha kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Kila elbo ihesabiwe, kwa sababu kila kona inapunguza nguvu ya feni. Kwenye bomba la gesi aliacha kipande kifupi kinachoning'inia chini, cha kunasa uchafu usiingie kwenye vali, kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila maungio na kusubiri kama litatoa mapovu. Halikutoa.

Bomba la zamani la tanuru, lile lililokuwa linaingia kwenye dohani, wakaling'oa na tundu lake wakaliziba vizuri kwa kifuniko cha bati. Hita ya maji wakaiacha palepale ilipokuwa, ikipumulia kwenye dohani peke yake. Jioni tukala ugali na nyama ya kuchoma iliyochomwa gereji mlango wazi, kwa baridi ile. Gharama yote, pamoja na ya kaka: dola 1,900. Baba Amani alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Kitu kimoja hakikufanyika. Ukibadilisha tanuru kule, halmashauri ya mji inataka uchukue kibali, na kazi ikiisha mkaguzi anakuja kuikagua. Sisi hatukuchukua. "Mkaguzi atakuja kuangalia nini?" aliuliza Baba Amani. "Kazi si unaiona ilivyonyooka?" Na kweli ilikuwa imenyooka. Sikubisha.

Kichwa kikaanza kuniuma Desemba.

Hapo nilikuwa na ujauzito wa miezi mitatu, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari hata kabla sijauliza. Mama yangu kwa simu kutoka Tanga: "Mimba hiyo, mwanangu, kunywa maji." Shoga zangu: mimba. Mimi mwenyewe: mimba. Kichefuchefu, mimba. Kizunguzungu nikipanda ngazi, mimba na kilo zangu. Baba Amani naye alianza kulalamika kichwa, tukamtania kwamba naye kashika mimba. Amani, aliyekuwa na miaka minne, akawa analala mchana kupita kawaida na kuamka analialia. Tukasema mafua ya shule.

Cha ajabu, kazini nilikuwa napona. Saa nne asubuhi kichwa kinakuwa chepesi, nacheka na wenzangu. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Jumapili ndiyo siku ya pilau, feni ya jikoni inavuta mvuke na harufu kutoka asubuhi, mashine ya kukaushia nguo inazunguka na nguo za wiki nzima, watu wanaoga mmoja baada ya mwingine. Madirisha tulikuwa tumeyabandika nailoni kwa ndani kuzuia baridi, kama majirani wote walivyofanya. Na vioo vilikuwa vinatoa jasho, maji yanachuruzika mpaka chini. Nikawa nafuta kwa taulo kila asubuhi huku nikiona ni mambo ya nyumba za kizamani.

Jumapili ya mwisho ya Januari 2019, siku chache kabla ya lile wimbi la baridi lililopeleka Minneapolis zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, wifi yangu alikuja kututembelea. Ni nesi, anaishi mji mwingine. Alikaa sebuleni kama saa mbili, akaanza kujikandakanda paji la uso.

"Wifi," akaniita. "Hivi hapa ndani nyote vichwa vinawauma?"

"Mimi si unajua hali yangu. Kaka yako naye anadeka tu."

"Na Amani?"

"Amani ana mafua."

"Homa anayo?"

Nikafikiri. Hakuwa na homa. Hakuna aliyekuwa na homa.

"Ukiwa kazini je?"

"Kazini napona kabisa."

Hakuniuliza la tano. Aliinuka akafungua mlango wa mbele wote, baridi ikaingia kama ndoo ya maji, akasema, "Tokeni nje. Wote. Sasa hivi. Kaka, mbebe mtoto." Tukaenda kukaa ndani ya gari, Amani amevaa pajama na buti za mama yake, na wifi akapiga 911.

Askari wa zimamoto walifika ndani ya dakika chache. Mmoja aliingia na kipimo mkononi. Sebuleni kilisoma sehemu 85 za kaboni monoksidi kwa kila sehemu milioni moja za hewa. Chini, karibu na hita ya maji, zaidi ya 200. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ile harufu ya yai bovu mnayoijua kwenye gesi ya kupikia huwekwa kwa makusudi ili uvujaji ujulikane, lakini gesi ikishaungua vibaya na kuwa kaboni monoksidi, hakuna wa kukunong'oneza. Inakamata damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, ndiyo maana mtu anakosa hewa huku anapumua. Na mtoto aliye tumboni inamuumiza kuliko inavyomuumiza mama.

Kisha yule askari akauliza swali la kawaida kabisa kwa kule. Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe na kengele ya kaboni monoksidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. "Kengele yenu iko wapi?"

Nikajibu mimi, haraka. "Hatuna."

Baba Amani alinitazama. Halafu akatazama ukutani, kati ya milango ya vyumba, pale skrubu ilipokuwa bado inachungulia. Aliipachika yeye mwenyewe wiki tuliyohamia. Hakusema neno.

Hicho ndicho kipande ninachokiruka. Kengele tulikuwa nayo. Katikati ya Desemba, Jumapili jioni, Baba Amani akiwa kwenye kikao cha kanisa, ililia. Mlio mkali, mara nne mfululizo, kimya, mara nne tena. Amani ndiyo kwanza alikuwa amelala baada ya kunisumbua saa nzima. Nikapanda kwenye kiti, nikabonyeza kitufe, ikanyamaza. Baada ya muda ikalia tena. Kwangu mimi kitu kikilia maana yake chaji imeisha, nimekua hivyo. Nikaing'oa, nikatoa betri, nikaitupia kwenye droo ya jikoni chini ya vitambaa vya kufutia vyombo, nikajiambia Jumatatu nitanunua betri mpya. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Jumatatu nilisahau.

Baadaye nilikuja kujifunza kwamba betri ikiisha kengele hizo hutoa mlio mmoja mfupi, tii, kisha kimya cha nusu dakika au dakika nzima. Milio minne kwa pamoja ni kengele yenyewe: toka nje. Ilikuwa imeandikwa mgongoni mwa ile kengele. Niliishika mikononi na sikuigeuza. Mtu mwenye shahada ya mawasiliano.

Hospitali walitupima damu wakatuvalisha barakoa za oksijeni. Baba Amani na mtoto waliruhusiwa usiku ule ule. Mimi kwa sababu ya ujauzito walinibakisha kwenye oksijeni muda mrefu zaidi, na kifaa tumboni kinachosikiliza moyo wa mtoto. Nililala nimeukodolea macho ule mstari unaopanda na kushuka. Niliapa mambo mengi usiku ule, na hilo la kusema ukweli lilikuwa mojawapo.

Fundi mwenye leseni alikuja siku ya pili, safari hii pamoja na kibali. Alilikagua tanuru jipya kwa nusu saa nzima, akapima mteremko wa mabomba, akatoka nje na futi yake kwenye theluji. Kisha akasema kazi ni safi, hana cha kurekebisha. Baba Amani alikuwa amesimama pale kama mshitakiwa, na nilimwona mabega yanashuka. Tatizo lilikuwa ile hita ya maji ambayo hakuna aliyeigusa. Juu yake, pale mabomba ya maji yanapoingilia, kulikuwa na viringi vya plastiki, chekundu na cha bluu, na vyote vilikuwa vimeyeyuka kama mshumaa. Fundi akavigusa kwa kidole akatikisa kichwa. Maana yake moshi wa moto ulikuwa unatokea hapo juu ya hita na kumwagika chumbani badala ya kupanda.

Mafundi wa kule wana jina la hali hiyo: hita iliyoachwa yatima. Miaka yote tanuru la zamani na hita vilikuwa vinatumia dohani moja. Tanuru lile, kwa ubovu wake wa kupoteza joto, lilikuwa linaipasha dohani nzima, na dohani ikiwa ya moto inavuta moshi kwenda juu bila shida. Hita ndogo ilikuwa inadandia lifti. Tulipolitoa tanuru na kulipa mabomba yake, hita ikabaki peke yake chini ya dohani kubwa ya matofali iliyosimama nje kwenye baridi. Joto lake dogo halikutosha kuipasha. Moshi ulipanda kidogo, ukapoa, hewa baridi ikaushusha. Sasa ongeza nyumba iliyobandikwa nailoni kila dirisha, feni ya jikoni inatoa hewa nje, mashine ya nguo inatoa hewa nje. Hewa inayotoka lazima ifidiwe na nyingine kutoka mahali fulani, na mahali palipokuwa wazi ni dohani. Pilau langu la Jumapili lilikuwa linaunyonya moshi kurudi ndani. Na moto ukianza kuvuta moshi wake wenyewe unakosa oksijeni, rangi ya bluu inageuka njano, na hapo ndipo kaboni monoksidi inapotengenezwa kwa wingi. Lile jasho la vioo lilikuwa ni mvuke wa moshi huohuo.

Kilichoniuma zaidi ni kitabu. Kitabu cha lile tanuru kilikuwa juu ya rafu ya viatu, na ndani yake kulikuwa na sehemu nzima iliyoandikwa kwa ajili ya watu kama sisi: ukiondoa tanuru kwenye njia ya moshi inayotumiwa na kifaa kingine, njia hiyo huenda ikawa kubwa mno kwa kifaa kinachobaki. Kisha wanaeleza jinsi ya kupima. Funga milango na madirisha yote. Washa mashine ya kukaushia nguo na feni zote zinazotoa hewa nje, kwa kasi yake ya juu. Washa kifaa kilichobaki, acha kiwake dakika tano, kisha sogeza njiti ya kiberiti, mshumaa au moshi wa sigara pale bomba la moshi linapoanzia. Ukivutwa ndani, salama. Ukirudishwa usoni kwako, zima. Kipimo cha dakika kumi, bila senti. Kaka yetu alisoma kurasa za mabomba, alikuwa na haja nazo. Mkaguzi angeuliza juu ya hita kabla hata hajavua glavu.

Tulikuwa na njia mbili: kununua hita mpya yenye feni yake ya kusukuma moshi nje kwa bomba la plastiki, au kuingiza bomba jembamba la chuma ndani ya ile dohani kutoka juu hadi chini ili hita ipate njia inayolingana na umbo lake. Tukachagua bomba. Siku zile tatu za kusubiri, ambazo ndizo zilikuwa za baridi kali kuliko zote, tanuru la Baba Amani lilinguruma usiku na mchana na nyumba ikawa na joto kama Tanga. Maji ya kuoga tulichemsha kwenye sufuria, kwa jiko la umeme.

Binti yetu alizaliwa Juni, kilo tatu na ushee, sauti ya mpiga mbiu.

Kila Oktoba baada ya hapo, kabla baridi haijaanza, nilikuwa nafanya kile kipimo cha kwenye kitabu. Sigara hatuvuti, kwa hiyo nilitumia udi, ule wa vijiti, nilioletewa kutoka Zanzibar. Nafunga nyumba, nawasha kila kinachovuta, nashuka chini, napiga magoti mbele ya hita na kijiti changu kama mganga. Moshi ulikuwa unajikunja na kuzama ndani ya bomba, wote. Halafu nabonyeza kitufe cha kengele mpya, moja juu na moja chini. Tarehe ya mwisho ya kila moja niliiandika kwa kalamu nyekundu, maana nazo huzeeka, wala betri mpya haizirudishii ujana.

Najua msomaji wangu wa Sinza anasema haya ni ya walio ughaibuni, sisi hapa joto tunalikimbia. Ni kweli, tanuru hutalihitaji. Lakini gesi hii haichagui nchi. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa Julai kule Njombe au Makete na mlango kufungwa linatoa gesi ileile. Na zipo zile hita ndogo za gesi za ukutani zinazofungwa kwenye mabafu ya Arusha na Nairobi, nzuri, umeme hauzihusu, maji yanachemka papo hapo. Ukienda kuangalia nyumba ya kupanga na mwenzio, kabla hamjagombania rangi ya makabati, muulizeni dalali hita iko wapi na moshi wake unatokea wapi. Akikuonyesha kidirisha cha bafu, endeleeni na safari. Mimi nimewahi kumwacha dalali mmoja Arusha amesimama na funguo mkononi.

Sasa hilo la droo. Ile hadithi ya ubahili ilianza kama utani wa wifi pale hospitali, watu walihitaji kucheka. Nikaidaka. Mwanzoni niliogopa, baadaye nikazoea, na ilikuwa inachekesha jamani. Kila nilipoisimulia ilizidi kunoga: dola zikaongezeka, Mkenya wa watu akawa hajui hata koleo. Na Baba Amani akawa anainuka kwenda kuongeza soda.

Nilipomaliza kuandika mpaka pale pa askari wa zimamoto, wiki iliyopita, nilifunga kompyuta nikaenda jikoni. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia kuna kitu sijawahi kumwambia kuhusu ile kengele.

"Ya kwenye droo?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Nilikaa kimya.

"Niliiona usiku uleule niliporudi kukuchukulia nguo. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kumfuta mtoto. Betri ziko pembeni." Akachukua kiazi kingine. "Ulikuwa umelala na ile mashine tumboni, Mama Amani. Ningesema nini?"

"Ungesema baadaye. Miaka yote hii nakutangaza kwa watu."

"Na mimi kibali sikuchukua," akasema. "Nilijua kinatakiwa."

Nikamuuliza kama niichape hivyo hivyo ilivyo. Akafikiri kidogo. Akasema niichape, ila niweke wazi kwamba mteremko wa mabomba ulikuwa sahihi.

Ulikuwa sahihi. Robo inchi kwa kila futi, na fundi mwenye leseni alipima mara mbili.